Broome: Mji ambako picha ya mguu wa ndege ina thamani kuliko ya uso wake

UKITAKA kupiga picha za ndege katika mji wa Broome, kaskazini magharibi mwa Australia, kitu cha kwanza kutafuta si lenzi ndefu. Ni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, ambalo wavuvi wa mji huo hawatoki nyumbani bila kulitazama. Ukilipuuza utakaa ufukweni nusu siku ukitazama tope.

Bahari ya Broome si kama ziwa letu la Tanganyika, ambalo likitaka kupanda hupanda kwa miezi. Pale, siku za bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika hata mita 10, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na bahari hufanya safari hiyo mara mbili kwa siku. Yakipwa, Ghuba ya Roebuck iliyo kando ya mji hugeuka uwanja wa matope unaong'aa mpaka macho yachoke. Yakijaa, matope yote hutoweka, na ndege waliokuwa wametawanyika humo wakila husukumwa taratibu mpaka kwenye utepe mwembamba wa mchanga chini ya majabali mekundu. Hapo ndipo mpiga picha anapowangoja.

Mimi niliwangoja kwa wiki tatu, wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 2024. Nilikuwa mgeni wa mdogo wangu wa kike, ambaye mwaka 2006 alipelekwa Australia pamoja na mumewe kutoka kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma. Miaka miwili baadaye mimi nilirudi Burundi na kuanza kufundisha karibu na Rumonge. Yeye sasa anatunza wazee katika nyumba ya wazee mjini Broome, na siku zake za mapumziko hubeba kamera. Tikiti alilipa yeye. Mshahara wa mwalimu msomaji anaujua.

Mji wenyewe ni mdogo. Wakazi wake ni kama 15,000, na kutoka Perth, mji mkuu wa jimbo la Australia Magharibi, ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, sehemu kubwa ikiwa nyika tupu. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji kabisa, hivyo mgeni anaweza kushuka na kwenda kwa miguu mpaka dukani. Udongo ni mwekundu kuliko wa barabara zetu za milimani, na huingia katika viatu, katika magari, katika nguo zilizoanikwa. Wenyeji huuita pindan. Unapokutana na mchanga mweupe wa ufukwe na maji yenye rangi ya feruzi iliyochanganywa na maziwa, kamera huchanganyikiwa isijue ipime mwanga wa kipi. Dada huyu alinifundisha kupima mwanga juu ya majani ya mikoko, ambayo hayako upande wowote katika ugomvi huo wa rangi.

Kilichonishangaza zaidi siku ya kwanza ni mibuyu. Mimi nilizaliwa na kusomea Katumba, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 kule Mpanda, na mibuyu niliizoea nilipokuwa nikisafiri kwa treni na basi kupita Dodoma. Sikutegemea kuikuta kando ya barabara za Australia, imevimba tumbo vilevile. Ni aina yake yenyewe, inayoota katika eneo hilo la Kimberley na maeneo jirani tu, lakini ni ndugu wa mbuyu wetu bila shaka yoyote. Picha yangu ya kwanza Broome ni ya mbuyu uliosimama mbele ya benki, na chini yake mtu amelala akingoja ifunguliwe. Mtu huyo nilimwomba ruhusa alipoamka. Nitalieleza jambo hilo baadaye kidogo.

Kwa Wayawuru, wenye ardhi hiyo tangu kale, mahali hapo ni Rubibi. Haki yao ya ardhi ilitambuliwa na mahakama ya shirikisho mwaka 2006, baada ya kesi ndefu. Mwaka wao una majira sita, si mawili ya mvua na kiangazi kama wanavyohesabu watalii, na kila majira yana samaki wake, upepo wake na ndege wake.

Jina la Broome lilikuja mwaka 1883, likiwa la gavana wa Kiingereza, wakati wazungu walipofuata chaza. Si lulu hasa waliyoitaka, bali gamba lenyewe, ambalo lilichongwa vifungo vya mashati duniani kote kabla plastiki haijaja. Mwanzoni wenyeji walikamatwa na kulazimishwa kupiga mbizi, wanawake kwa wanaume. Ufukweni leo ipo sanamu ya mwanamke mjamzito akitoka majini na chaza mkononi, na nimeona watalii wengi wakipiga picha naye bila kusoma maandishi. Baada ya wenyeji waliletwa Wajapani, Wamalei, Wafilipino na watu wa Timor, na Wachina wakafungua maduka. Makaburi ya Kijapani peke yake yanapita 700. Wengi waliuawa na ugonjwa wa wazamiaji au na tufani.

Matokeo yake ni mji ambao nyuso zake haziainishiki kwa urahisi. Ukikaa asubuhi katika mtaa wa kale uitwao Chinatown, utaona bibi mwenye macho ya Kijapani na ngozi ya Kiyawuru akinunua samaki kwa kijana mwenye jina la Kifilipino. Hizo ndizo picha za kila siku ambazo mdogo wangu amekuwa akizikusanya kwa miaka: mikono inayofungua chaza, watoto pekupeku wanaorusha ndoano gatini, magari yaliyopakwa vumbi jekundu mpaka namba hazisomeki, nguo za wauguzi wa zamu ya usiku zikipeperuka alfajiri.

Ipo pia sinema ya wazi iitwayo Sun Pictures, iliyofunguliwa mwaka 1916. Watazamaji hukaa katika viti vya turubai chini ya nyota. Zamani kila kabila lilikuwa na sehemu yake ya kukaa, wazungu wakiwa kwenye viti vizuri. Na kabla tuta la kuzuia maji halijajengwa, bahari ya bamvua iliingia mpaka ndani na watu wakatazama filamu miguu ikiwa majini. Kwa kuwa uwanja wa ndege uko jirani, ndege inayotua hupita juu ya kiwambo katikati ya filamu, taa zake zikiwaka, na hakuna anayegeuka. Picha hiyo tuliipata usiku wa pili. Kiswahili kimetupa neno moja kwa wenye manyoya na kwa ile ya chuma, na Broome ni mji unaohitaji uangalifu na vile viambishi vyetu: ndege wamepita, ndege imepita.

Sasa nirudi kwenye ruhusa. "Kaka," mdogo wangu aliniambia nilipoinua kamera kwa mara ya kwanza gatini, "hapa humpigi mtu picha kama unavyoupiga mbuyu."

Watalii wengi humwaga picha kwa wenyeji asilia bila kuuliza, hasa wale wanaokaa kwenye majani ya bustani mchana. Picha hizo husafiri, na mwenye uso hajui zimefika wapi. Kwa jamii nyingi za wenyeji asilia wa Australia jambo hili ni zito zaidi ya adabu ya kawaida. Mtu akifariki, jina lake na sura yake huwekwa kando kwa muda wa msiba, na muda huo unaweza kuwa mrefu. Ndiyo maana televisheni na majumba ya maonyesho ya nchi hiyo hutanguliza tangazo kwamba kinachofuata huenda kina sura za waliokufa, ili anayepaswa kugeuka ageuke.

Nilifikiri ningeona ugumu kulielewa, lakini haikuwa hivyo. Baba yetu ana picha moja tu duniani. Ilipigwa Katumba na mpiga picha wa baiskeli, yule aliyekuwa akija siku za kuuza tumbaku, akitundika shuka lenye mito na milima kati ya miti miwili. Baba amesimama wima kama askari, koti si lake. Yote ya kabla ya 1972 yalibaki nyumbani na nyumba ikateketea. Mama aliificha picha hiyo katika kopo la maziwa ya unga na alikuwa akituonyesha kwa sababu maalumu tu. Leo nakala yake iko kwenye rafu ya mdogo wangu, Broome. Mama mmoja wa Kiyawuru, rafiki yake wa kazini, alipofika jioni kunywa chai aliiona kwa mbali, akashusha macho, akauliza kwanza kama mzee yu hai. Alipoambiwa amekwishafariki, akauliza kama familia inaruhusu atazamwe. Tuliruhusu. Ndipo akamtazama kwa muda mrefu, akasema amefanana na mimi.

Kisha akanigeukia na kuniuliza swali ambalo wenyeji wa huko huwauliza wageni wote wenye ngozi nyeusi: watu wako ni akina nani? Halimaanishi nchi. Linamaanisha ukoo na ardhi. Mtu aliyezaliwa ukimbizini, aliyesoma kwa Kiswahili historia ya Mkwawa na Mirambo, akarudi akiwa na miaka karibu 30 kwenye mlima aliousikia kwa masimulizi tu, akaitwa muhungutse na wale waliobaki, anahitaji vikombe viwili vya chai kulijibu. Yule mama alikuwa na nafasi. Naye kama wazee wengine wa pale huitwa shangazi na kila kijana wa mji, awe wa damu yake au asiwe, jambo ambalo kwa Mrundi halihitaji maelezo.

Tuwaache watu, twende kwa ndege.

Ndani ya mji wapo wa kutosha kumaliza kadi nzima ya kamera kabla ya kifungua kinywa. Kasuku weupe hukaa makumi kwa makumi kwenye nguzo za taa wakigombana kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Keremkerem wenye rangi za upinde wa mvua husimama juu ya nyaya. Mwewe mweusi, ambaye nasi tunamjua sokoni kwa kunyang'anya nyama, huko huzunguka kila penye moshi, akingoja panzi na panya wanaokimbia moto. Wenyeji wa kaskazini mwa Australia wamesema siku zote kwamba mwewe huyo huokota kijiti kinachowaka na kukiangusha mbele zaidi ili moto uendelee. Wataalamu walichelewa kuwaamini. Mwaka 2017 ndipo ushahidi wa walioona kwa macho yao ulipokusanywa na kuchapishwa katika jarida la kisayansi.

Yupo pia mwewe mwingine mwenye kichwa cheupe na mgongo wa rangi ya kutu, anayepita juu ya mikoko kana kwamba alipakwa rangi kwa udongo wa mahali pale. Huyo ndiye anayewauzia wenye maduka kadi za posta.

Lakini walioufanya mji huo ujulikane kwa watu wa ndege si hao. Ni ndege wa matope, wa rangi ya kijivu na hudhurungi, ambao mgeni wa siku moja atapita bila kuwaona. Katika Ghuba ya Roebuck na fukwe za jirani, msimu wao ukiwa mzuri, hukaa zaidi ya 100,000. Wapo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda chini, wapo wenye midomo iliyonyooka na kupinda juu kidogo, wapo chamchanga wa kila kimo. Ghuba hiyo iliingizwa mwaka 1990 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, orodha ileile ambamo bonde la Rusizi letu limo. Kilomita 25 kutoka mjini, mwisho wa barabara ya vumbi, kipo kituo cha kuangalia ndege kilichoanzishwa mwaka 1988, na hapo ndipo nilipofundishwa kulala kifudifudi.

Ndege wa ufukweni hapigwi picha ukiwa umesimama. Ukisimama wewe ni mnyama mrefu anayekuja kula mtu. Unashuka mbali, unatambaa kwa upande na si kwa kuwaelekea, unasimama kila wanapoinua vichwa. Ukiona wameanza kuelekea upande mmoja, umekaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Mwanga mzuri ni wa saa ya kwanza ya asubuhi na ya mwisho ya jioni, kwa kuwa kuanzia saa tatu mchanga hutoa mvuke wa joto unaotikisa hewa, na lenzi hata ya bei gani hutoa picha iliyolowa. Kuogelea kusahau: mwezi wa nne bado una viwavi wa bahari wenye sumu, na mabango yanaonya kuhusu mamba. Sisi wa nchi ya Gustave hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

Adabu hii ya kutambaa ina sababu kubwa kuliko picha. Ndege mmoja anayepatikana kwa wingi pale, ambaye jina lake la kisayansi ni Calidris tenuirostris na mimi nitamwita chamchanga mkubwa, ana ukubwa wa njiwa mdogo. Mwezi wa tatu na wa nne anakula usiku na mchana kila maji yanapokupwa, konokono na viumbe wa kombe, mpaka ananenepa na kuwa mzito mara moja na nusu au zaidi. Mafuta hayo ni nauli. Anaruka kutoka Broome mpaka Bahari ya Njano, kati ya China na Korea, kama kilomita 5,500, bila kutua, bila kunywa, bila kula. Njiani viungo vyake vya tumboni husinyaa, mwili ukijila wenyewe. Akifika hujaza tena, kisha huendelea mpaka Siberia kutaga. Kila mara mtu, mbwa au gari linapowarusha ndege hawa ufukweni bila sababu, wanachoma kidogo ya nauli hiyo. Mwewe na tai nao huwarusha, hilo ni jambo lao. Mpiga picha asiongeze.

Kuna ndege wa jamii ya sululu aliyewapita wote. Mwaka 2022 kinda wa miezi mitano tu, akiwa na kifaa cha setilaiti mgongoni, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania bila kutua, kilomita 13,560 kwa siku 11. Ndugu zake wanaokaa Broome ni wa tawi jingine, la Siberia, na safari zao zina kituo cha katikati. Kituo hicho ndicho chenye matatizo.

Mwezi wa nne mwaka 2006, Korea Kusini ilifunga ukuta wa kilomita 33 mahali paitwapo Saemangeum, na matope ya pwani ya kilomita za mraba kama 400 yakakatwa na bahari ili yawe ardhi. Chamchanga wakubwa makumi ya maelfu waliokuwa wakila hapo walikuta sahani imefunikwa. Wapo waliodhani ndege hao watahamia matope ya jirani. Hesabu za jirani hazikuongezeka, na zile za Australia zikapungua. Mwaka 2016 Australia ilimweka chamchanga huyo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sululu mkubwa wa mashariki alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Habari njema kidogo zilikuja baadaye: mwaka 2018 China ilitangaza kusitisha ufukiaji wa pwani kwa ajili ya biashara, na kuanzia mwaka 2019 sehemu za matope ya Bahari ya Njano zimekuwa zikiingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, za China kwanza, kisha za Korea.

Sasa swali la mwalimu wa hesabu ni hili: ndege wote wamefanana, wako maelfu, wanaondoka na kurudi. Utajuaje nani amerudi?

Jibu liko mguuni. Tangu mwaka 1981 watafiti na watu wa kujitolea, wakiongozwa kwa miaka mingi na Clive Minton, Mwingereza aliyehamia Australia na ambaye alifariki mwaka 2019, wamekuwa wakiwanasa ndege hawa kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, kuwapima na kuwavalisha vibendera vya plastiki. Kila eneo lina rangi yake. Njano ni kaskazini magharibi mwa Australia, chungwa ni Victoria, kijani ni Queensland, nyeupe ni New Zealand, na kutoka Chongming karibu na Shanghai huja wenye nyeusi juu ya nyeupe. Vipya vina herufi, ili kila ndege awe na jina lake. Zamani pete ya chuma ilisomeka mpaka ndege anaswe tena au aokotwe amekufa. Siku hizi mtu yeyote mwenye lenzi ya kutosha, awe Broome au Korea, akipata mguu umesimama vizuri na herufi zinasomeka, amefanya kazi ya mtafiti. Hutuma picha, naye huletewa historia ya ndege yule: alinaswa wapi, mwaka gani, ameonekana wapi tangu hapo.

Kwa sababu hiyo watu wa kituo hukataa kusifia picha za kupendeza. Unawaonyesha ndege aliyekunjua mabawa juani, manyoya yote yanahesabika, wao wanauliza: na miguu? Siku ya tisa nilipata miguu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yao wakati wa kupumzika, na mguu wenye bendera ndio uliokunjwa tumboni. Nililala pale dakika 40 huku sisimizi wakinijua vizuri. Maji yalipomgusa akashusha mguu, njano, herufi tatu. Alikuwa ndege wa mwaka 2011. Kwa miaka 13 alikuwa ameenda Siberia na kurudi, au angalau alikuwa amerudi kila mara ilipohitajika ili awepo siku ile mbele yangu. Nilimpigia simu mama Rumonge kumweleza. Akaniuliza kama huyo ndege analiwa.

Katika mikoko ya kijito karibu na mji nilimkuta pia yule chamchanga mdogo anayetikisa mkia bila kupumzika, ambaye huonekana kwenye mawe ya Tanganyika na Rusizi miezi ya mvua. Ni aina ileile. Wote huanguliwa kaskazini, Ulaya na Asia. Wengine huteremka kwetu, wengine huteremka huko. Siku hizohizo ziwa letu lilikuwa limepanda, Gatumba imo majini, viboko wakitembea barabarani, na mdogo wangu alikuwa akisoma habari hizo kwenye simu kati ya ndege na ndege.

Kuondoka kwao ndiko nilikotamani zaidi kuona. Hutokea jioni, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu, hasa maji yanapokuwa yamejaa. Watu wa kituo hukaa kwenye viti vya kukunja juu ya majabali wakiwa na darubini, saa na karatasi. Kwanza ndege wanaoga. Kisha wanachana manyoya kwa haraka isiyo ya kawaida. Kisha wanaanza kuita, sauti ambayo hawaitoi miezi mingine, na kundi linainuka, linazunguka, linapanda, linajipanga mstari uliokunjika katikati na kuelekea kaskazini magharibi, juu ya mikoko, juu ya mji, juu ya watu wanaonunua mkate. Hakuna anayewaaga zaidi ya wale wenye viti. Ghuba hiyohiyo iliwahi kupokea wakimbizi: tarehe 3 Machi mwaka 1942 ndege za baharini zilizokuwa zimejaa Waholanzi waliotoroka Java, wake na watoto wengi, zilishambuliwa na Wajapani zikiwa zimetia nanga, watu wasiopungua 88 wakafa. Bamvua likiwa kubwa, mabaki yake bado hujitokeza kwenye tope.

Kuwahesabu walio angani kwa macho ni kazi ya waliozoea. Sisi tulitumia kamera. Unapiga kundi zima mara kadhaa, picha mbaya kabisa, vidoti vyeusi kwenye anga, halafu nyumbani unaifungua kwenye kompyuta na kumwekea kila ndege alama nyekundu ili usimhesabu mara mbili.

Kundi la mwisho tuliloliona kabla sijaondoka lilikuwa la chamchanga wakubwa. Tulikaa mezani jikoni kwa mdogo wangu, chai pembeni, tukiwatia alama. Yeye alipata 83, mimi 81. Tukarudia, ikawa vilevile. Ndipo akafungua picha iliyofuata, iliyopigwa sekunde chache baadaye, na humo wawili walikuwa wameshavunja mstari na kugeuza vichwa kuelekea pwani. Hutokea, aliniambia; wasiokuwa na mafuta ya kutosha hujaribu tena siku nyingine. Akachukua fomu ya kituo, akaandika saa, upande walikoelekea, na 81. Pembeni akaongeza kwa kalamu: wawili wamerudi ufukweni.